Hedhi ya mwisho haina kungwi

Katika pwani ya Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Mingoyo, binti akivunja ungo haachwi ababaike peke yake. Ana somo wake, ana kungwi, ana siku za kukaa ndani, na kuna ngoma na mafumbo ya kumweleza kilichompata, namna ya kujisitiri na adabu za utu uzima. Yapo mafunzo ya unyago yanayostahili kupingwa, hasa yale yanayomharakisha mtoto kuwa mke, na wanaoyapinga wana haki. Hata hivyo wazee walioyaanzisha waliona jambo moja la kweli: mwili wa mwanamke unapogeuka, mwenye mwili anahitaji kuelezwa na mtu anayejua. Tabu ni kwamba mwili huo hugeuka mara mbili. Miaka thelathini na zaidi baadaye, damu ile ile inapoanza kuruka miezi kisha ikakoma kabisa, hakuna anayemketisha mwanamke huyo kumwambia lolote. Kliniki nayo ilishaagana naye siku alipomaliza kumpeleka kitinda mimba wake kwenye chanjo. Ninachotetea hapa ni kwamba ukimya huo unatugharimu, na sehemu kubwa ya gharama inalipwa na ubongo. Kuchakaa kwa ovari ni jambo la kichwani kama lilivyo la tumboni, na miaka kati ya 40 na 55 ndiyo miaka ya kuilinda akili ya bibi ambaye tutamhitaji akiwa na 70.

Tuanze na ovari zenyewe. Ni viungo viwili ambavyo ukubwa wake haupiti sana korosho ikiwa bado na ganda lake. Mtoto wa kike huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, kati ya milioni 1 na milioni 2. Anapovunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000. Katika miaka yake yote ya uzazi atapevusha mayai 400 au 500 tu. Mengine hufa kimyakimya mwezi baada ya mwezi, awe anazaa au hazai, awe anachoma sindano ya uzazi wa mpango au hachomi. Yakibaki kama 1,000, ovari huacha kuitikia amri za ubongo, na hedhi hukoma. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Anayefika kabla ya 45 amewahi, na anayefika kabla ya 40 anahitaji kuonwa na daktari. Hesabu ya kitabibu ni miezi 12 mfululizo bila damu, ila njia ya kufikia hapo ni ya miaka kadhaa, damu ikija kwa wingi mwezi huu na kupotea miezi mitatu inayofuata. Ni viungo vichache vinavyozeeka mapema namna hii. Moyo, ini na figo za mwanamke wa miaka 50 bado vina miongo ya kazi mbele yake, wakati ovari zake zimekwisha kustaafu.

Homoni kubwa inayotoka kwenye ovari ni estrojeni, na kwa muda mrefu watu, madaktari wakiwamo, waliihesabu kuwa ya kizazi na matiti. Tafiti za miongo ya karibuni zimeonyesha kuwa ubongo nao umejaa vipokezi vyake. Vimo katika sehemu inayotunza kumbukumbu mpya, vimo upande wa mbele tunapopangia mambo na kukata shauri, na vimo katika sehemu ndogo ya chini inayosimamia joto la mwili na usingizi. Estrojeni husaidia seli za ubongo kuitumia sukari kama nishati, hulegeza mishipa ili damu ifike vizuri, na huimarisha maungio ambayo seli hupashana habari kupitia kwayo. Lisa Mosconi na wenzake wa Weill Cornell, New York, walipopiga picha za ubongo za wanawake walio kabla, katikati na baada ya kukoma hedhi, waliona matumizi ya sukari yakipungua katika kipindi cha mpito. Hata dalili inayojulikana kuliko zote, lile joto linaloibuka ghafla kifuani, likapanda usoni na kumwacha mtu amelowa jasho, chanzo chake ni ubongo. Seli za kudhibiti joto zilizokuwa zikitulizwa na estrojeni hubaki bila mtulizaji, zikauamuru mwili ujipoze ilhali haukuwa umepata moto. Ndiyo maana dawa iitwayo fezolinetant, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, haina homoni ndani yake wala haigusi ovari. Inakwenda kwenye mkondo wa mawasiliano wa seli hizo za ubongo.

Sasa mfikirie mwanamke wa Kilwa Masoko anayeamka saa nane za usiku shuka likiwa limelowa, moyo ukimdunda, na usingizi usirudi. Yuko kwenye mwambao wa joto na malaria, kwa hiyo ni rahisi ajitibu homa. Vipimo vikionyesha hana vimelea, ni rahisi aambiwe ana mashetani, au kuna mkono wa mtu. Atazunguka kwa mganga na duka la dawa mwaka mzima, fedha za ufuta zikiteketea, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia sentensi moja: mama, ovari zako zinafunga kazi na ubongo wako unajizoesha. Na usingizi huo unaokatika si karaha ya kupuuzwa. Timu ya Rebecca Thurston wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh iliwapima wanawake 226 kwa vifaa vya kunasa vipindi vya joto usiku na mchana, kisha ikawapiga picha za ubongo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa waliopata vipindi vingi zaidi, hasa wakiwa wamelala, walikuwa na alama nyingi zaidi za madhara kwenye mishipa midogo ya ubongo, alama zile zile zinazofuatana na hatari ya kiharusi na kupungua kwa akili. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba joto ndilo lililoleta alama. Huenda vyote viwili vinatoka kwenye mishipa isiyo na afya. Hata kama ni hivyo, mwanamke anayelowa jasho kila usiku ni mwanamke wa kupimwa presha, na hilo peke yake linatosha kuibadilisha kazi ya zahanati.

Kuna kusahau pia. Mwanamke mtunza fedha wa kikoba, aliyekuwa akizitaja hisa za wenzake bila kufungua daftari, anaanza kutafuta majina na tarakimu ambazo jana zilikuwa mdomoni. Hofu humshika kwamba amekwisha. Hapa sayansi ina habari njema ambayo ingepaswa kutangazwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofahamika kwa kifupi cha SWAN, ulioanza mwaka 1996 na kuwafuatilia wanawake 3,302 wa asili mbalimbali, uliona kuwa katika miaka ya mpito uwezo wa kujifunza jambo jipya ulizorota kidogo, na baada ya hedhi kukoma kabisa ukarejea. Kwa walio wengi ubongo hupita kwenye wimbi, ukajipanga upya na kuendelea. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa wanawake wenye asili ya Afrika walisumbuliwa na joto kwa muda mrefu kuliko wengine, takribani miaka 10, wakati kiwango cha kati kwa wote kilikuwa miaka 7.4. Wamarekani hao hawaishi maisha ya Wamwera na Wamatumbi, na nitalirudia hilo baadaye. Lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba wanawake wetu wamesamehewa.

Palipo na ushahidi mzito zaidi ni kwa wanawake ambao ovari zao zilikoma mapema, na hasa walioondolewa ovari kwa upasuaji. Walter Rocca na wenzake wa Mayo Clinic waliwafuatilia wanawake wa wilaya moja ya Minnesota waliofanyiwa upasuaji huo kati ya 1950 na 1987, wakawalinganisha na wenzao wa rika lao ambao hawakufanyiwa. Mwaka 2007 walitangaza kuwa waliotolewa ovari kabla ya ukomo wa kawaida walipata demensia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na fikra, au dalili za akili kupungua, kwa wingi zaidi, na kadiri umri wao ulivyokuwa mdogo siku ya upasuaji ndivyo hatari ilivyozidi. Waliopewa estrojeni baada ya upasuaji mpaka angalau umri wa miaka 50 hawakuonyesha ongezeko hilo. Ndiyo maana leo miongozo ya kitaalamu inamtaka daktari ampe homoni mwanamke aliyekoma mapema mno, hadi afikie umri ambao wenzake hukoma, isipokuwa kama ana sababu ya kiafya ya kuzuiwa, mfano saratani ya matiti. Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Uvimbe kwenye kizazi unawasumbua wanawake wengi wa nchi hii, na wengi wanaopasuliwa kwa sababu yake hurudi nyumbani wakijua tu kwamba wametolewa kizazi, bila kuambiwa kama ovari zimeachwa au zimekwenda pamoja nacho. Tofauti ni kubwa. Kizazi kikiondoka na ovari zikabaki, damu hukatika lakini estrojeni inaendelea kutoka. Ovari zikiondoka, mwanamke wa miaka 38 anaingia siku ile ile katika hali ambayo wenzake wataifikia baada ya miaka kumi na zaidi. Kila mwanamke anayelazwa mezani, iwe Kinyonga, iwe Nyangao au Hospitali ya Sokoine mjini Lindi, anastahili kuelezwa hilo kwa Kiswahili chepesi kabla hajatia sahihi, na jibu liandikwe kwenye karatasi anayoondoka nayo.

Mtu anaweza kuruka hapo na kusema: basi tuwagawie homoni wanawake wote wa miaka 50. Hapana. Somo hilo dunia ililipata kwa gharama. Mwaka 2002 Wamarekani walisimamisha sehemu ya jaribio lao kubwa la homoni baada ya kuona saratani ya matiti na kiharusi vinaongezeka, na mwaka uliofuata tawi la jaribio hilo lililoangalia akili likaonyesha kuwa kwa wanawake wa miaka 65 na zaidi, mchanganyiko wa homoni mbili uliongeza demensia maradufu: 45 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, dhidi ya 22 kwa wasiotumia. Tangu hapo wataalamu wengi wamekubaliana kwamba kuanza mapema, karibu na ukomo, hakulingani na kuanza uzeeni, na kwamba homoni ni tiba nzuri ya joto kali na ya kunusuru usingizi kwa mwanamke aliyepimwa na daktari. Kuzitoa kama kinga ya demensia kwa kila mtu hakuna ushahidi wa kutosha. Nalisema wazi kwa sababu soko halitachelewa. Unga, mizizi na vidonge vya kurudisha ujana vimekwisha kuzagaa mijini, na mwanamke mwenye hofu na asiye na maelezo ndiye mteja wao.

Basi kinga iko wapi? Tume ya jarida la Lancet iliyotoa ripoti mwaka 2024 ilihesabu mambo 14 ambayo yakishughulikiwa maishani, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Limo shinikizo la damu, kimo kisukari, imo lehemu, umo mfadhaiko, umo uziwi usiotibiwa, kuna kukosa shule utotoni, kuna upweke, kuna hewa chafu. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa na mwanamke wa Kilwa akilini unaona kitu ambacho ripoti za mbali hazikielezi: mengi ya hayo humfikia kwa pamoja, na humfikia katika miaka ile ile ambayo estrojeni inamwacha. Estrojeni ilikuwa ikiilinda mishipa yake. Ikiondoka, presha na lehemu hupanda. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na presha haina kelele. Kwenye pwani ya mashamba ya chumvi, kitoweo cha akiba ni ng'onda na samaki wa chumvi. Mfadhaiko nao huongezeka katika miaka ya mpito, ukaitwa uvivu au ukorofi wa mtu mzima.

Na moshi. Hapa naomba nisimame kidogo. Gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na tangu 2004 inapita kwenye bomba kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Misitu ya Kilwa nayo inapeleka mkaa huko huko. Mwanamke ambaye wilaya yake inaliwashia jiji taa na majiko amebaki ameinama kwenye mafiga, akipuliza kuni jikoni, kwa zaidi ya miaka arobaini ya maisha yake. Chembe za moshi huingia mapafuni, zikapita kwenye damu, zikachokoza mishipa mpaka ya ubongo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Kama kuna mahali ambapo lengo hilo lina deni la haki, ni Kilwa, na mwanamke aliyepita miaka 40 asiwe wa mwisho kwenye foleni kwa kuwa hana mtoto mchanga wa kuonyesha.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la kweli na lina uzito: hapa wanawake wamekuwa wakifa wakijifungua, dawa zinakwisha, boti ya wagonjwa ni shida, nanyi mnaleta habari za kukoma hedhi? Jibu langu liko katika mafanikio yetu wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ukakadiria 104. Maelfu ya wanawake ambao zamani wangezikwa na watoto wao sasa wanavuka. Wanavuka kwenda wapi? Mwanamke wa Kitanzania aliyefikisha miaka 50 ana matumaini ya kuishi miaka mingine ishirini na zaidi, na sensa zimekuwa zikionyesha Lindi, pamoja na Mtwara na Kilimanjaro, kuwa miongoni mwa mikoa yenye sehemu kubwa ya wazee. Lakini tazama vipimo vyetu. Utafiti huo huo wa kitaifa wa afya ya uzazi huwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Siku anapotimiza 50 anatoka kwenye hesabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inampokea anapofika 60. Katikati pana miaka kumi ambayo hakuna daftari linalomtafuta, na hiyo ndiyo miaka ambayo presha yake inapanda, usingizi wake unakatika na ubongo wake unajipanga upya. Sijui kama kuna aliyekusudia pengo hilo. Lipo, na linaweza kuzibwa bila kuchukua hata shilingi ya wodi ya wazazi, kwani kinachohitajika zaidi ni kipimo cha presha, vidonge vya bei ndogo na maneno.

Demensia yenyewe si ugonjwa wa Wazungu. Duniani wanaoishi nayo ni takribani watu milioni 57, na zaidi ya asilimia 60 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu ushahidi uko wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wa mwaka 2010 ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi, kiwango kisicho mbali na cha nchi tajiri. Waliozungumza na familia za huko walisikia yale ambayo yangesikika Kivinje au Kitunda: uzee tu huo, amerudia utoto. Na mlezi wa aliyerudia utoto karibu siku zote ni mwanamke mwingine, binti au mkwe, aliye katika miaka hiyo hiyo ya arobaini na hamsini, ambaye naye halali usiku. Kwingine nchini, hasa kanda ya Ziwa, wanawake vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Bibi anayeropoka, anayetembea usiku asijue aendako, ni rahisi kutuhumiwa penye ujinga kuhusu ubongo.

Pingamizi la pili ni la imani na maumbile: Mungu ndiye aliyepanga damu ianze na ikome, kwa nini tuigeuze maradhi? Nakubali kabisa kwamba kukoma hedhi si maradhi. Mimba pia si maradhi, na hakuna shehe wala padri anayemzuia mjamzito kupimwa damu. Kwa Waislamu wa pwani hii kuna jambo la kuongeza. Sura ya At-Talaq, katika aya ya 4, inamtaja mwanamke aliyekata tamaa ya hedhi na kumwekea eda yake ya miezi mitatu. Sheria ilimwona, ikamtengea hukumu yake. Vyuo na darasa za akina mama zinazofundisha hedhi na twahara kwa kina zina kila sababu ya kuufikia na ukurasa huu, na hazitakuwa zimeleta bid'a yoyote.

La tatu linanigusa zaidi, kwa sababu linatoka kwa wanawake wenyewe. Wanasema: mkianza kuandika kwamba ubongo wa mwanamke hubadilika akifika 50, mmewapa wanaume sababu ya kumnyima uenyekiti wa kijiji, kazi na mkopo. Hatari hiyo ipo, na ndiyo inayotaka ukweli uelezwe mzima. Ukweli mzima ni kwamba wengi hurejea katika uwezo wao, na kwamba maumbile yenyewe yaliyapa thamani maisha ya baada ya hedhi. Wanyama wengi hufa muda mfupi baada ya uzazi kwisha. Binadamu na aina chache za nyangumi ndio wanaojulikana zaidi kwa kuishi miongo mingine. Ushahidi mkubwa wa sababu yake ulipatikana hapa Tanzania. Kristen Hawkes na wenzake, walipokuwa wakiishi na Wahadza karibu na ziwa Eyasi, waliona wanawake wa miaka sitini na zaidi wakichimba mizizi kwa bidii isiyopitwa na ya vijana, na mama anapokuwa na mtoto mchanga, kunenepa kwa watoto wake wakubwa kulifuatana na kazi ya bibi. Kutoka hapo ikajengwa hoja kwamba bibi ndiye aliyemwezesha binadamu kulea watoto wengi na kuishi maisha marefu. Na kwa wanaotaka mfano wa pwani, Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013 akiwa mkongwe sana, alikuwa kungwi na mpiga ngoma ya unyago, na alipanda majukwaa ya dunia akiwa na umri ambao wengi humtafutia mtu kona ya kukaa. Akili ya mwanamke baada ya hedhi ni mali. Mali hulindwa.

Kuna wanaosema tungoje utafiti wetu wenyewe. Utafiti ni lazima, na nimekiri kwamba ushahidi mwingi niliouleta umetoka Marekani. Kusini kumefanyika tafiti kubwa za malaria ya watoto wachanga, Taasisi ya Afya Ifakara ikiwemo, na wanawake wa Lindi waliulizwa kwa uaminifu kuhusu mimba, chandarua na mtoto. Waulizwe sasa kuhusu hedhi ya mwisho, usingizi na kumbukumbu, na Muhimbili na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wawe na sababu ya kushuka hadi Pande na Lihimalyao. Lakini faida ya kupima presha haihitaji utafiti mpya, na kumweleza mtu kinachotokea mwilini mwake hakumdhuru.

Milango iko wazi tayari. Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi unawalenga wanawake wa miaka 30 hadi 50. Kila anayekuja kwa uchunguzi huo apimwe presha na sukari, aulizwe hedhi yake ikoje, na aandikiwe tarehe ya kurudi. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unakusudia kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchini. Mafunzo yao yawe na somo moja la ukomo wa hedhi. Redio nayo ni mlango: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili vyoo, maji na malaria, katika nchi iliyokuwa maskini kuliko ilivyo leo. Na makungwi wapo. Wengi wao wamekwisha kuvuka hedhi, wanaaminiwa, wanajua kusema ya ndani bila kuvunja heshima, na wanamjua kila mwanamke wa kijiji kwa siri zake. Wakiitwa na mganga mkuu wa wilaya, wakaelezwa yaliyomo humu kwa siku mbili au tatu, watayafikisha mahali ambapo bango la zahanati halifiki, na watayafikisha pia kwa waume, ambao wengi wanaichukulia hasira ya usiku na ukavu wa faragha kuwa dharau ya mke.

Kwa hiyo ombi langu kwa madiwani wa Kilwa, Mtama na Manispaa ya Lindi ni dogo. Katika bajeti inayofuata, kila zahanati iwe na kipimo cha presha kinachofanya kazi na betri zake, na dawa za presha zisikatike, kisha itengwe siku moja kila mwezi ya wanawake waliopita miaka 40, wenye mimba na wasio nayo, wenye bima na wasio nayo. Wewe msomaji ambaye mama, shangazi au dada yako mkubwa yuko katika umri huo, muulize analalaje usiku, na mwezi huu mpeleke akapimwe presha.